Sehemu ya Pili Haina Mjomba

Mwanamke anayekaa eda hana pa kukimbilia filamu mbaya. Niko chumba cha ndani, pazia limeteremshwa, na wajukuu wangu wako sebuleni mbele ya ile runinga niliyoinunua mimi mwenyewe baada ya kubishana bei na muuzaji mpaka akaomba maji ya kunywa. Wameweka filamu ya mtu anayeruka. Wameniambia kwa heshima zote kwamba imetoka kwenye vitabu vya picha, kwamba hii ni sehemu ya pili, na kwamba ile ya kwanza ilikuwa nzuri sana. Kila anayekuwekea sehemu ya pili husema hivyo. Nasikiliza kupitia pazia, maana sina la kufanya isipokuwa kusikiliza, na toka imeanza nimesikia majengo yakiporomoka zaidi ya nilivyosikia mtu mmoja akimwita mwenzake kwa jina. Nimehesabu, nikarudia kuhesabu, kwa sababu hesabu ya mara moja ni ya mtu anayetaka kuibiwa. Hakuna aliyemwambia mwenzake habari za asubuhi. Watu wana fedha za kuangusha mji mzima na hawana za kumwandikia mtu salamu. Mimi na sehemu za pili tuligombana zamani, mwaka wa banda la Mikumbi, na aliyenigombanisha nazo ni huyu huyu aliyeniacha nimekaa eda.

Mwaka ule maduka ya Lindi yalikuwa yameanza kujaa tena. Ulikuwa unaingia dukani unataka sabuni, unapewa sabuni, na hakuna aliyekuuliza unamjua nani. Baadhi yetu tulitoka nje na sabuni mkononi tukiwa na wasiwasi kama wezi. Mitumba ilianza kuingia kwa marobota, redio za betri zikawa kila baraza, na bwana mmoja aitwaye Hemedi akarudi kutoka Dar na jenereta, runinga na deki ya video, akajenga banda la makuti na magunia huko Mikumbi, nyuma ya mafundi baiskeli. Mabenchi yalikuwa magogo ya minazi yaliyochongwa upande mmoja tu, na si lazima ule wa kukalia. Mbele palitandikwa majamvi kwa ajili ya waliofika mapema. Banda lilinuka dizeli, jasho na samaki wa jana. Hemedi aliliita ukumbi. Mimi nilikaanga mihogo mlangoni, mahali nilipopapata baada ya kumshawishi Hemedi kwamba harufu ya mihogo yangu inavuta watu kuliko picha zake, jambo ambalo lilikuwa kweli na bado ni kweli.

Ndani sikuingia. Karai la mafuta haliachwi. Niligeuza mihogo huku mgongo wangu ukigusa ukuta wa makuti, kwa hiyo filamu zote za mwaka ule nilizisikia tu, na nilizisikia kwa sauti ya mtu mmoja, Mfaume. Huyu alikuwa kijana wa Kilwa Kisiwani aliyekuja Lindi kutafuta kazi ofisini, akaikosa, akawa mkalimani wa Hemedi. Alikaa juu ya kreti la soda kando ya runinga, kipaza sauti kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, sauti ya waigizaji wenyewe imepunguzwa, naye akisema kwa Kiswahili yote wanayosema. Kiingereza chake kilikuwa cha kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe hakukimaliza. Lakini alikuwa na sauti ya mtu anayekuomba usikilize, wala hakupiga kelele kama wakalimani wengine wanaodhani filamu ni mnada.

Filamu iliyotuletea mambo yote haya ilihusu bwana mwenye vitambaa kwapani aliyekuwa akiruka kutoka ghorofa hadi ghorofa kupiga wezi. Watu walimwita Mwewe. Mahali pengine nadhani wangeuliza anarukaje. Lindi hakuna aliyeuliza hilo. Mtu kuruka ni shauri lake na waganga wake. Lakini robo saa haikupita kabla mama mmoja kwenye jamvi hajauliza kwa sauti, "Mfaume, huyo mwanamke ni nani yake?" Maana palikuwa na mwanamke ndani ya nyumba ya Mwewe. Anaingia, anatoka, anaweka kikombe mezani, na filamu haisemi ni nani. Na siku hiyo, jamvi la mbele kabisa, alikuwa amekaa maalim wa madrasa, amekuja kuangalia kama banda hili liachwe au lifungwe. Nilisikia Mfaume akinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Dada yake. Baba mmoja, mama mbalimbali." Banda zima likaguna kwa kuridhika. Akatokea mzee mwenye duka la saa, ambaye ndiye anamshonea Mwewe vitambaa vyake. "Na huyo mzee?" Safari hii Mfaume hakusita. "Mjomba wao."

Alipokwisha wapata hao wawili, dada na mjomba, hakuna lililomshinda. Mwewe akirudi usiku amechanika shati, dada anamwambia, kaka, utakufa kabla hujaoa, mama yetu nimwambie nini. Mwewe akitaka kumuua mwizi mkuu, mjomba anamshika bega, anamwambia, mwanangu, damu haisafishi nyumba. Nilisahau kugeuza mihogo. Watu walilia, watu wazima, wanaume wa bandarini. Wiki iliyofuata wakaja wanawake na kanga zao, wakaja na watoto, wakabishana sokoni kama yule dada atapata mume kwa tabia ya kaka yake ya kurudi asubuhi. Filamu ile ikaonyeshwa mpaka mkanda ukaanza kufanya mistari, na maalim akaja mara ya pili, safari hii hakuja kukagua.

Mfaume alikuwa akitoka baada ya onyesho kununua mihogo. Alianza kwa kuomba nyongeza ya pilipili, akaendelea kwa kuomba kukaa. Siku moja akaniletea kitabu alichokiokota kwenye robota la mitumba, kimetiwa humo kujazia nafasi, kimechanika mwanzo na mwisho: ni Mwewe huyo huyo, amechorwa, na maneno yake yamezungushiwa povu juu ya kichwa. Nikakikagua kama ninavyokagua shati, ndani na nje. Ngumi zilikuwa kila ukurasa. Mapovu ya maneno kati ya Mwewe na yule mwanamke nikayahesabu mara mbili kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole kikabaki. Nikamuuliza yanasemaje. Akasema moja linasema, angalia nyuma yako. Jingine linasema, nilijua utakuja. La tatu limechanika, na la nne hakulielewa.

"Sasa wewe umejuaje kuwa ni dada yake?"

Akatafuna kwanza. "Wanakaa nyumba moja na hawashikani mikono. Ama ni dada, ama wamegombana. Nikaona dada ni salama zaidi."

"Na mjomba?"

"Mzee anamshonea mtu nguo bure, amekuwa nani huyo kama si mjomba?"

Hapo ndipo nilipomkubali, ingawa sikumwambia mpaka baadaye, kwa sababu ukionyesha umekipenda kitu bei hupanda. Nilikuwa nimeshamchunguza. Mama mmoja wa Kilwa aliyeleta pweza wakavu alinipa habari zake, na kwa kuwa sikuamini habari za mtu mmoja nikamuuliza na wa pili, ambaye hakuwa na uhusiano mwema na wa kwanza. Habari zao zililingana. Wazee wa Mfaume wakatuma mtu kuja kuniposa. Na kwetu sisi, Wamwera wa nyuma ya Lindi, baba anaweza kusema ndiyo mpaka akauke koo. Neno halijakwisha mpaka aliseme mjomba.

Mjomba wangu Selemani alikuwa akilima korosho Rutamba. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kofia ambayo hakuivua kwa ajili ya mtu yeyote aliyekaa nyuma yake. Posa ilimfikia, akakaa kimya nayo. Aliposhuka mjini alimwambia mama kwamba hajaielewa kazi ya huyo bwana. Kuna kazi ya kulima, kuna ya kuuza, kuna ya kuvua. Hii ya kusema maneno ya watu wengine ni kazi gani? Basi akapelekwa bandani kutazama Mwewe. Nikiwa nje na karai langu nilisikia waliokaa nyuma yake wakilalamikia kofia, kisha nikasikia wakiacha kulalamika. Jioni tulikula ugali na pweza wa nazi, mjomba akala sahani nzima, akanawa, ndipo akasema, "Kumbe na wale wana mjomba."

Mama akasema kumbe.

"Mimi nilidhani ni watu wa kutupa wazee. Kumbe kijana anaruka juu huko, lakini akishuka anamsikiliza mjomba wake." Akafikiri. "Wenye mambo hayo wana utu. Na huyo kijana anayewasemea ana adabu, anasema taratibu." Kisha akatoa uamuzi wake: amesikia kuna sehemu ya pili inakuja Idi. Atarudi aione, na jibu la posa atalitoa hapo hapo Lindi.

Mfaume alipopata habari hizo alifurahi kama mtu aliyekwisha oa. Mimi nikamuuliza swali moja tu: hiyo sehemu ya pili umeshaiona? Akasema bado, mkanda utakuja na basi la Dar. Nikamwambia mimi sinunui robota bila kuchungulia ndani, na yeye ameniweka ndani ya robota. Akacheka. Akasema, Somoe, watu ni wale wale, dada ni yule yule, mjomba ni yule yule. Ubaya utatoka wapi? Siku hizi nikisikia mtu anasema hivyo namtazama miguuni kuona kama anasimama sawasawa.

Mvua ilikuwa imeharibu barabara, na basi la Dar liliingia Idi Pili mchana wakati watu wamekwisha jaa bandani na watoto wamekwisha kojoa mara moja moja. Hakukuwa na nafasi ya kuijaribu filamu. Hemedi akautwaa mkanda mikononi mwa kondakta akauingiza kwenye deki ukiwa bado na tope la barabara ya Somanga. Siku hiyo nilimwachia jirani karai, nikaingia ndani kwa mara ya kwanza, nikakaa na mama kwenye gogo la pembeni. Mjomba alikuwa mbele, kanzu nyeupe na kofia, karibu na maalim. Mfaume alikaa kwenye kreti lake amevaa shati jipya. Nililijua, nilimchagulia mimi.

Sijui nianzie wapi na ile takataka. Kwanza, dada alikuwa mtu mwingine, niliwasikia waliomwona ile ya kwanza wakisema. Uso mwingine, kimo kingine, nywele zilikuwa nyeusi sasa ni za rangi ya mchanga, na hakuna aliyejali kutueleza. Mfaume akasema dada amepaka hina. Watu wakacheka, wakamsamehe. Pili, Mwewe aliingia ndani hakumsalimu, akapita kama anayepita kituo cha basi. Mfaume akaweka, shikamoo dada, ingawa Mwewe ndiye mkubwa, maana Mfaume alikuwa amechanganyikiwa. Walikuwepo wabaya watatu, kila mmoja ana hasira na hakuna aliyetuambia kakosewa nini. Tulionyeshwa daraja likivunjika, likaonyeshwa tena kwa upande mwingine kana kwamba tuna mashaka. Dada akatekwa, akaokolewa, akatekwa tena na waliomteka mwanzo. Na mjomba hayumo. Duka la saa halimo. Hakufa, hakusafiri, hakutajwa. Nilikuwa nikimtazama Mfaume badala ya picha; jasho lilikuwa limeloanisha mgongo wa shati, na alikuwa akisema maneno mazuri, kaka kula kwanza, kaka mjomba anakusalimu sana, huku midomo ya wale watu imefungwa. Nilielewa siku ile, nikiwa naona kwa macho, kwamba hata kwenye ile ya kwanza watu hawa hawakuwa wameambiana kitu. Mwaka mzima nilikuwa nimempenda Mwewe, na Mwewe alikuwa amekaa juu ya kreti la soda.

Kisha wakapanda juu ya paa. Sijui kwa nini paa. Hakukuwa na shughuli yoyote kule. Mwewe akavua kitambaa cha usoni, akamshika dada yake kiuno, akambusu mdomoni, na picha ikakaa hapo hapo muda wa mtu kumaliza andazi.

Mtoto mmoja alicheka, akanyamazishwa kwa kofi. Maalim akainuka. Mama yangu akavuta kanga mpaka machoni, lakini nilimwona akiacha upenyo. Kutoka nyuma mtu akauliza, "Mfaume, huyo si dada yake?" Na Mfaume, mimi namjua, alikuwa na njia. Alishika kipaza sauti akasema imegundulika kwamba si ndugu wa damu, walilelewa pamoja tu, sasa wamehalalishiwa. Ingepita. Watu walikuwa wameshaanza kutikisiana vichwa kwa kukubali, maana nani anataka kuharibiwa Idi yake. Lakini mjomba Selemani akasema, bila kupaza sauti, na jenereta peke yake ndiyo iliyokuwa ikinguruma:

"Nani kawahalalishia? Mjomba wao yuko wapi?"

Mfaume akakitazama kipaza sauti. Akakiweka chini juu ya kreti, akasimama, na banda lilikuwa dogo, hapakuwa na haja ya kipaza sauti.

"Sijui, mzee. Hawakusema. Hata ile ya kwanza hawakusema. Dada nilimweka mimi, na mjomba nilimweka mimi. Nilidhani wakija mara ya pili watakuwa wamesema."

Yaliyofuata ni ya kawaida ya watu waliokasirika. Wengine walidai viingilio vyao, wengine walidai waonyeshwe lile busu tena ili wahakikishe. Hemedi akazima jenereta, akamfukuza Mfaume pale pale, akisema amemharibia ukumbi, kana kwamba Mfaume ndiye aliyembusu mtu. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mjomba alitangulia, mikono nyuma. Nilikuwa nimeshafanya hesabu yangu na kuirudia, na zote mbili zilitoka hasara: mtu hana kazi, ameonekana muongo mbele ya mji mzima, na mbele ya yule mmoja mwenye neno. Niliwaza pia wale waliotengeneza ile filamu, walipo, wamekaa kivulini wanakunywa vinywaji baridi, na hawatajua kamwe kwamba uvivu wao wa kuandika mistari miwili mitatu umefika mpaka Mikumbi kunikosesha mume. Nikawalaani kwa utaratibu, kuanzia mkubwa wao.

Asubuhi Mfaume akaja. Hakutumwa mtu kumwita, alikuja mwenyewe na shati lile lile. Mjomba alikuwa barazani na chai na vitumbua vya Idi vilivyobaki, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango, mahali pangu pa kusikiliza. Mfaume akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaonyeshwa mkeka. Walikula. Kisha mjomba akasema, "Wewe ni hodari wa kuwapa watu ndugu. Hebu nitajie wako."

Mfaume akaanza. Baba, ndugu za baba, mama, ndugu za mama, nani kaolewa Songo Songo, nani kahamia Njinjo kulima na kwa nini. Mjomba akawa anauliza katikati, huyo mama yake nani, huyo alizikwa wapi, akatania kwamba watu wa Kisiwani kila mmoja ni mjukuu wa sultani, na Mfaume akasema kwao walikuwa wapishi tu. Nilikuwa nayalinganisha na ya mama wa pweza. Yalilingana. Akafika kwa bibi mmoja upande wa mama wa bibi yake, akakwama. Nikashika mlango. Mtu mwingine angeweka jina lolote hapo. Fatuma yuko kila ukoo, nani angejua? Na huyu alikuwa mtu aliyewapa Wazungu mjomba.

"Huyo simjui," akasema Mfaume. "Sikuambiwa."

Mjomba akamimina chai kwenye kisosi, akaipuliza, akanywa yote. "Basi," akasema, "hayo mengine nimeyakubali." Akaniita, hakugeuka hata kutazama kama nipo, alijua nipo. "Somoe, mletee mumeo chai nyingine, hii imepoa."

Sikuwahi kuwasamehe watu wa sehemu ya pili kwa sababu mambo yaliishia vizuri. Yaliishia vizuri bila msaada wao. Mfaume aliingia nami kwenye mitumba, akawa muuzaji wa wastani, mwepesi mno wa kupunguza bei. Lakini popote tulipokuta runinga imewashwa, hotelini, kwa jirani, hata hospitali tukisubiri majibu yake ya mwisho, alikuwa akiegemea upande wangu na kuninong'oneza nani ni nani ya nani. Huyu na huyu ni mashemeji, hawaelewani toka mahari. Yule bibi alimnyonyesha huyu. Sikumuuliza amejuaje.

Mjukuu wangu wa kike, yule wa katikati, amefunua pazia sasa hivi, ameingiza kichwa tu. "Bibi, yule mwanamke wa nywele fupi ni nani yake yule anayeruka?"

"Hawajasema?"

"Hawajasema."

"Wanakaa nyumba moja?"

"Ndiyo."

"Wanashikana mikono?"

Akarudi kutazama, akaja tena. "Hapana."

Nikavuta kigoda changu mpaka kikagusa pazia, nikamwambia akawaambie wenzake wapunguze sauti ya runinga.